Mguu wa Kushoto

Naapa kwa reli iliyomleta baba yangu Nakuru, na kwa meno manne niliyobaki nayo, kwamba haya yote ni kweli tupu. Akitokea mtu akanikamata na uongo hata wa punje moja, nitalipa. Watu wa benchi letu pale Kaptembwo wanajua kulipa ni nini. Tuna sheria. Yeyote akishuku hadithi ya mwenzake anauliza neno moja tu, "Shahidi?", na msimulizi akikosa shahidi anawapelekea wote chai na mandazi, mmoja mmoja, kwa mikono yake mwenyewe, huku wakimcheka.

Sasa ingia nami chumbani.

Kilikuwa chumba chenye meza ndefu iliyong'arishwa mpaka taa za darini zikaonekana ndani yake kama zimezama kisimani. Upande wa pili walikaa watu watatu. Wa katikati, Daktari Chepkirui, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, alikuwa ameshika barua yangu. Aliisoma, akairudia, midomo ikicheza. Upande wetu tulikuwa wawili: mimi, mzee Sitati, ndani ya koti langu la harusi, na mjukuu wangu Immaculate, miaka kumi na tisa, amepakata begi lake kama mtoto mchanga.

"Immaculate," daktari akasema kwa upole, "pole sana kwa yaliyokupata. Huo mguu uliovunjika ulikuwa upi?"

Mjukuu wangu hajavunjika mguu tangu azaliwe.

Ngoja kwanza. Hadithi ni kama gari la moshi: kabla ya kwenda mbele lazima irudi nyuma kidogo ishike mabehewa.

Nimefanya kazi ya reli miaka thelathini na mmoja, mtu wa kubadilisha njia, mimi na mtaimbo wangu. Shule niliiachia darasa la nne. Kusoma nilijifundisha, kwa magazeti ya kufungia nyama, ndiyo maana mpaka leo najua mwanzo wa habari nyingi na mwisho wa chache. Mwisho ulikuwa umelowa mafuta. Nilipostaafu, nikawa mwandishi wa barua wa Kaptembwo. Barua za chifu, za mwalimu mkuu, za mwenye nyumba, na zaidi ya zote, barua za kuomba basari ya karo. Nilijifunza mapema kwamba ofisi haisikii njaa ya kawaida. Njaa ya kawaida wanayo hata wao wenyewe. Ofisi inataka radi. Katika barua zangu nimeua kwa radi ng'ombe kumi na wanne, katika mtaa ambao hauna hata boma la mbuzi. Mtoto wa jirani, Fancy, alisomeshwa mpaka kidato cha nne na ng'ombe ambaye hakuwahi kuwepo.

Lakini Immaculate hakuhitaji radi. Kichwa alikuwa nacho. Mamake, binti yangu Abby, alienda Doha kufanya kazi za nyumba mtoto akiwa darasa la pili, na sisi wazee wawili, mimi na Akoth mke wangu, tukabaki naye. Mimi aliniita Kuka, yaani babu kwa Kibukusu. Akoth alimwita Dani, kwa lugha ya kwao Akoth, ya ziwani. Kwa lugha mbili hizo akajua kutugombanisha na kutupatanisha.

Shida ilikuwa alama. Zilikuwa kama mlima wetu wa Menengai: unapanda, unapanda, halafu ghafla huna ardhi chini ya miguu. Kidato cha kwanza, A. Cha pili, A. Cha tatu muhula wa pili, D. Muhula uliofuata hakuna alama yoyote, ni mstari mwekundu tu kutoka juu ya ripoti mpaka chini. Kisha cha nne akaanza kuparamia tena kwa kucha. Mtihani wa taifa ukaja hivyohivyo: Biolojia A, Kemia A, Hesabu A; Historia D, na Kiswahili C. C! Mjukuu wangu mimi!

Kwa ripoti hiyo vyuo vikubwa havikumtazama mara mbili. Kikabaki kimoja cha udaktari, cha watu wa misheni, njia ya kwenda Naivasha, jina nitalimeza. Hicho kilikuwa na mtihani wake wa kuingia. Waliufanya watoto mia sita na arobaini. Immaculate akawa wa tatu. Ujumbe ulimkuta akifua; alipindua ndoo, akaikalia, akasoma tena, povu likimkauka mikononi. Mwisho wa ujumbe walisema aje na ripoti zote za miaka minne, aje na mlezi, na mlezi aje na barua ya kueleza kwa nini alama zilianguka.

Zilianguka kwa sababu ya nyanya yake, basi. Akoth alikuwa na ugonjwa wa sukari. Kiatu kipya cha kanisani kilimchubua kidole cha mguu wa kushoto, kitu kidogo, kama alama ya kucha. Kile kidonda kilikaa miezi kumi na moja. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwosha. Maji ya vuguvugu asubuhi na jioni, bandeji safi, kisha nakipima kidonda kwa rula na kuandika kwenye daftari la jalada la buluu, vile nesi wa kliniki alivyotuagiza. Immaculate aliyaona hayo yote kila siku, moyo wake ukatoka shuleni. Septemba, Immaculate akiwa kidato cha tatu, Akoth akatuacha.

Siku mbili kabla ya mahojiano, Immaculate alikuwa akipiga pasi sketi yake.

"Kuka, andika tu Dani alikuwa mgonjwa."

"Mgonjwa? Nani hajauguliwa Kenya hii? Watasoma wapige miayo."

"Basi andika juu ya daftari. Nitalibeba waone."

"Wewe piga pasi, bibi yangu. Barua ni kazi ya bwana yako."

Akacheka. "Haya, mzee wa barua. Lakini usiue ng'ombe."

Nikaapa sitaua ng'ombe. Na sikuua.

Niliandika lori. Lori la mbao, limetoka Elburgon, limejaa mpaka juu, likakatikiwa na breki pale mteremkoni na kuingia ndani ya nyumba yetu. Akoth akafunikwa na mbao. Immaculate, msichana wa miaka kumi na sita, akatambaa chini ya lile lori na kumvuta nyanya yake, gogo likamwangukia, mguu ukavunjika mara mbili. Miezi mitatu kitandani. Na mimi mzee, sijui nguvu zilitoka wapi, nikainua gogo ambalo wanaume wanne walikuwa wameshindwa. Akoth akafa mikononi mwetu akitubariki. Nililia nikiandika. Hicho ndicho kipimo changu: nikilia mimi, ofisi italia. Nikaifunga bahasha kwa ugali wa jana, nikaibana chini ya godoro mpaka asubuhi ya safari. Immaculate hakuiona.

Tulisafiri na pickup ya Maxwel, jirani yetu, aliyekuwa akipeleka viazi Naivasha.

"Niaje mzee, leo umetoka kama bwana harusi!" akasema. "Daktari ni nani, wewe ama huyu?"

"Akipita huyu," nikamwambia, "tukirudi unatushusha Kikopey. Kilo moja ya mbuzi. Nimeapa."

Sasa turudi chumbani, pale tulipoacha swali likining'inia. Nilikuwa nimefikiria kila kitu isipokuwa kimoja. Afisa wa basari akisikia mfupa umevunjika, anatikisa kichwa na kugonga muhuri. Daktari akisikia mfupa, anauliza upi.

Immaculate aligeuka akanitazama. Hakukasirika. Ningependa kusema alikasirika. Alinitazama taratibu, kutoka viatu mpaka kofia niliyokuwa nimeivua na kuikunja, na akaelewa kila kitu bila kusoma mstari. Mkono wake ukaingia ndani ya begi. Niliona pembe ya jalada la buluu ikichungulia.

Maneno manne tu yalitosha: barua hiyo ni uongo. Mdomo huu ambao umewahi kumshawishi kondakta kwamba mimi ni askofu, haukuyatoa. Niliangalia zile taa zilizozama mezani.

Pembe ya buluu ikarudi ndani.

"Wa kushoto, daktari," Immaculate akasema.

Nilijua alipoutoa ule wa kushoto.

"Wapi?"

"Hapa." Akagusa chini ya goti.

"Walikufunga plasta au walikutia chuma?"

"Plasta."

Daktari Chepkirui akaamka, akaizunguka meza ndefu, na mbele yetu akachutama. Akapitisha kidole gumba juu ya muundi wa mjukuu wangu, polepole, kama mtu anayetafuta kijiwe ndani ya mchele. Akapita mara moja. Akapita tena.

"Mfupa uliovunjika mara mbili huacha alama, binti," akasema, bado amechutama. "Hata ukiunga vizuri. Kuna kitu ungependa kutuambia?"

"Hapana, daktari."

"Na wewe, mzee?"

Nikasema, na hili pia ni kweli, nikasema: "Watoto hupona haraka."

Akarudi kwenye kiti chake. Alivua miwani, akaufunga vizuri ule uzi.

"Mtihani wetu umeufanya vizuri kuliko nilivyoufanya wa kwangu," akamwambia Immaculate. "Na hizi alama zilizoanguka hazikututisha. Nani hajawahi kuanguka? Tungepokea sababu yoyote, hata ndogo." Akaikunja barua yangu, mara moja, mara mbili, ikawa ndogo kama risiti. "Lakini kazi hii, mtu akikosea kuandika alichokiona, mwingine anakufa. Nendeni salama."

Maxwel alitushusha Kikopey hata hivyo. Tulikuwa tumemwambia asubuhi, na hakuna aliyekuwa na sauti ya kumwambia vingine. Moshi wa nyama ulikuwa umetanda barabara nzima, wauzaji wakipunga visu na kutuita mzee, mathe, karibu, hapa ndipo penyewe. Nikaagiza kilo. Ikaja juu ya ubao, na chumvi pembeni, na kachumbari. Immaculate akanawa, akaivuta kwake, akaanza kunikatia vipande vidogovidogo kwa ajili ya meno yangu. Yeye hakula.

"Yule daktari ana wivu tu," nikasema. "Umeona alivyosema? Umemshinda."

"Kula, Kuka. Inapoa."

Nikala. Ilikuwa na ladha ya karatasi.

"Kwa nini hukulitoa lile daftari?" nikauliza mwishowe, kwa sauti ya mtu anayelaumu. Mungu anisamehe.

Alipangusa kisu kwenye ukingo wa ubao, upande huu, upande ule.

"Ungeaibika," akasema. "Na ni wewe tu umenibakia."

Barua ya chuo ilifika baada ya wiki tatu. Mistari minne. Barua fupi, safi, haikuua ng'ombe hata mmoja. Immaculate aliisoma akiwa amesimama, akaiweka chini ya redio, akaenda kuchota maji. Benchini niliwaambia kwamba chuo kilitaka mtoto wa mkubwa fulani. Hakuna aliyeuliza shahidi. Hilo ni jambo ambalo watu huliamini bila kujisumbua.

Ni miaka miwili sasa. Immaculate ni mhudumu wa afya wa mtaa. Anazunguka Kaptembwo kwa miguu na begi la buluu walilopewa, anapima presha, anapima watoto, anafunga vidonda. Akina mama wanamwita daktari. Anawasahihisha kila mara, bila kutabasamu. Nikimuuliza kuhusu kuomba tena, anasema mwakani. Mwaka jana pia alisema mwakani.

Hapo ndipo hadithi yangu huishia. Nimeisimulia mara nyingi, na kila mara huishia hapo, kwa "mwakani", watu wanainamisha vichwa, mtu ananiongezea chai. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiisimulia Alhamisi iliyopita pia, pale benchini, saa kumi jioni, kwa ajili ya Kabiru, mzee aliyehamia kwetu juzi kutoka Molo na ambaye masikio yake bado ni mapya. Kando yake alikaa Ngigi, rafiki yangu wa miaka yote, aliyefanya kazi ya msumeno huko Elburgon mpaka vidole vikabaki saba. Ngigi naye sukari imempata. Ana kidonda mguuni. Mguu wa kulia, si wa kushoto. Mungu naye hapendi hadithi zinazojipanga sana. Immaculate humwosha palepale benchini, kwa sababu nyumba ya Ngigi haina mwanga.

Sasa nilikuwa nimefika kwenye ugonjwa wa Akoth. Nilimwambia Kabiru kama nilivyokuambia wewe: mimi ndiye niliyekuwa nikimwosha, asubuhi na jioni, na rula, na daftari. Sikusikia kishindo cha beseni la Immaculate likitua nyuma yangu.

"Shahidi?" akasema Ngigi.

Nikacheka. "Ngigi, hata hapo? Shahidi ni daftari lenyewe. Mwandiko wa mkono huu."

Immaculate alifungua begi lake. Sikujua kwamba bado analibeba. Jalada la buluu limechakaa, pembe zimejikunja. Kurasa za mwisho ameanza kuandika kidonda cha Ngigi. Alilifungua mwanzoni akampa Kabiru.

"Soma, mzee."

Kabiru alilisogeza mbali na macho, akasoma kwa sauti kama ya mtu anayesoma somo kanisani, hajui anachosoma.

"'Jumatatu. Sentimita tatu na nusu. Nimeosha saa kumi na moja asubuhi kabla ya shule. Dani amelia. Kuka hayuko.'" Akafunua. "'Jumanne. Tatu na nusu. Sijaenda shule. Kuka hayuko. Jumatano. Nne. Kuka...'"

Akanitazama, kisha akalifunga daftari kwa uangalifu, kama mlango wa chumba chenye mtu aliyelala.

Mwandiko ni wa mtoto wa shule. Herufi za mviringo, zimesimama juu ya mstari kama ndege juu ya waya.

"Nilikuwa hapa," nikasema. Hakuna aliyekuwa ameniuliza. "Ile harufu ilinishinda. Nilikuwa natoka asubuhi nikisema nakwenda kutafuta dawa, nakuja hapa, nakaa mpaka nione atakuwa amemaliza kumfunga bandeji ya jioni."

Ngigi aliangalia mikono yake.

"Mwaka ule," akasema polepole, "ulikuwa na hadithi tamu kuliko miaka yote."

Basi ndiyo hiyo. Nilikuambia niliandika lori kwa sababu ukweli ungewapigisha watu miayo. Ukweli usingempigisha mtu yeyote miayo. Msichana wa miaka kumi na sita, na beseni, na rula, peke yake: wangempa nafasi kabla hajamaliza kuketi. Lakini mtu angeuliza, na babu alikuwa wapi? Nikaona ni heri lori. Na yeye aliliona hilo palepale, mezani, mkono ukiwa ndani ya begi, akachagua.

Nikatia mkono mfukoni. "Haya, nimekamatwa. Chai ya wote, na mandazi."

"Si chai, Kuka," Immaculate akasema.

Alilisukuma beseni kwa mguu mpaka likagusa kiatu changu. Akanipa kitambaa.

"Wacha mtoto afanye mwenyewe, Sitati," Ngigi akasema, ameona haya, anauvuta mguu chini ya benchi. "Hiki kinanuka."

"Najua."

Nilipiga magoti. Yalilia kama mbao kavu na hakuna aliyecheka. Nilitia mkono kwenye maji.

"Jaribu kwa kiwiko," Immaculate akasema juu yangu. "Mkono wako ni mgumu, hauwezi kujua."

Nikajaribu kwa kiwiko. Yalikuwa vuguvugu. Nikaanza kuifungua bandeji, mzunguko baada ya mzunguko, na kwenye mzunguko wa mwisho ile harufu ikaja, ileile, haikuwa imezeeka hata siku moja. Macho yakanijaa. Sikugeuza uso. Nilimimina, nikapangusa, kutoka katikati kwenda nje, vile alivyonielekeza, na Ngigi akashika bega langu kila palipouma.

Nilipomaliza, Immaculate akanipa rula. Yeye akashika kalamu, daftari amelifungua juu ya goti.

"Ngapi?"

Niliangalia. Ngigi alikuwa amefumba macho, anangoja. Wiki iliyopita ilikuwa mbili. Ingekuwa rahisi kusema mbili. Mbili ingemfurahisha mzee wa watu.

"Mbili na nusu," nikasema.

Nilingoja ainame kuhakikisha. Hakuinama. Aliandika.